Uwanja mpya Mbeya: tuanze na ramani ya daladala kabla ya kuchora viti

Kipanya cha Uyole (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Tangu tupewe AFCON 2027 sisi na Kenya na Uganda kila kijiwe cha mpira hapa Mbeya hadithi ni moja, Arusha wanajengewa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti, Dodoma nao wanao wao, sisi Nyanda za Juu Kusini lini. Hoja naiunga mkono kabisa maana uwanja wetu wa Sokoine umri umeenda na siku Simba au Yanga wakija pale mnajua wenyewe hali inakuwaje getini. Ila kwenye mabishano yote hayo sijaona mtu hata mmoja akiuliza watu watafikaje huo uwanja mpya, na hasa wataondokaje, kwa sababu kufika siyo ishu kubwa kivile, mmoja anakuja saa saba mchana na kitenge chake, mwingine anakuja mpira umeshaanza, wanajigawa wenyewe. Kuondoka ndo kazi. Refa akipuliza cha mwisho watu wote wanataka kuwa kwao ndani ya saa moja.

Sokoine inatudanganya hapo. Kwa sababu iko katikati ya mji, ukitoka unajichanganya tu, huyu anakata Uhindini, huyu Sokomatola, huyu anateremka kwa mguu mpaka Mafiati huku anabishana penati, mpaka anafika kituoni umati ulishapungua. Ule uwanja miaka yote unabebwa na miguu ya watu, ndo maana tunalalamikia vyoo na viti ila usafiri hatuutaji.

Sasa uwanja mpya hauwezi kukaa mjini pale, eneo hamna. Utasukumwa nje ardhi iliko, na Mbeya mnaijua ilivyo, mji mrefu mwembamba umelala kando ya barabara kuu ya TANZAM, kaskazini Loleza na mlima Mbeya wamesimama, kwa hiyo nje maana yake ni Uyole kwenda Inyala huko au Mbalizi kwenda Songwe. Na kote huko barabara ni ile ile moja.

Nimekaa nikapiga hesabu ya kawaida tu ya karatasi. Uwanja wa watu 30,000 umejaa. Tuseme 6,000 wana magari yao, boda, bajaji, na wa jirani wanaotembea. Wamebaki 24,000. Hiace ukiijaza kihalali tuiite watu 15, hizo ni safari 1,600. Ukitaka waishe kwa saa moja lazima Hiace moja iondoke kila baada ya sekunde mbili na kidogo. Na Hiace ina mlango mmoja, kupakia watu 15 wanaogombania ni dakika mbili ukiwa na bahati, kwa hiyo kila wakati uwe na Hiace 53 zimepanga mstari zinapakia kwa pamoja, na zikitoka nyingine 53 ziko nyuma zinasubiri, na zote zinaingilia barabara moja yenye malori ya Tunduma. Nani ameona hiyo kitu ikiwezekana pale kituo cha Kabwe siku ya kawaida tu saa kumi na mbili jioni?

Ombi langu kwa yeyote mwenye sikio la wakubwa, kabla ya kuchagua kiwanja mtu aweke ramani ya daladala mezani kwanza, kiwanja kichaguliwe kwa kuangalia hiyo. Tofauti na hapo tutajenga kitu kizuri cha kupigia picha, halafu mechi ya usiku tunaacha watu barabarani na baridi ya mwezi wa saba.

Zambarau Damu

Mkuu umeongea. Ila mbona jibu liko wazi, uwanja wa ndege wa zamani! Tangu ndege zihamie Songwe 2012 pale pana tambarare ambayo huipati kwingine ndani ya jiji hili, hakuna haja ya kwenda Inyala kuchonga mlima. Unatoka mechi unashuka kwa miguu Mwanjelwa unapanda gari lako. Koma Kumwanya!

Konda Mstaafu

Nyie wote mnahesabu gari kama vile gari linakuja lenyewe. Nimefanya ukonda ruti ya Uyole kwa miaka ngoja niwape ya ndani.

Daladala ina hesabu ya bosi, ile hela ya kumpelekea mwenye gari kila siku. Dereva akishafikisha hesabu na ya mafuta na yake ya mfukoni, saa mbili usiku huyo anapaki, hana shida na mtu. Sasa mechi inaisha saa tatu usiku, umemuita aje uwanjani nje ya mji, kuja anakuja tupu kwa sababu hamna abiria wa kwenda huko usiku, akipakia anapeleka mjini, akitaka kurudi kuchukua wengine anarudi tupu tena. Hapo mafuta ya kwenda mbili anayalipia abiria wa safari moja. Ndo maana nauli inapanda ghafla mnasema konda mwizi. Mwingine anakatisha ruti, anawashusha Mafiati anageuza, mtu wa Iyunga ajijue.

Kingine, gari lina leseni ya ruti. Ukikutwa nje ya ruti yako LATRA, wale wadhibiti wa usafiri, au trafiki wanakupiga faini, kwa hiyo hata dereva mwenye roho nzuri anaogopa kuja. Hamjalisema hilo.

Kipanya cha Uyole (mleta uzi)

Konda umeleta kitu ambacho sikuwa nacho kabisa, ndaga fijo. Yaani kumbe gari zipo ila safari ya kurudi tupu ndo inaua kila kitu. Basi hiyo safari tupu ilipwe na mechi yenyewe. Angalia, ukikata shilingi 500 tu kwenye kila tiketi, watu 20,000 ni milioni 10. Hiyo hela unakodi Coaster za jioni nzima kwa bei ya kukubaliana, LATRA inatoa kibali cha siku hiyo, dereva anajua analipwa ajae asijae, na abiria akionyesha tiketi yake ya mechi anapanda bila kutoa kitu. Tufanye kwa mfano Coaster moja laki moja, unapata 100. Kila moja watu 30, mzunguko mmoja umeondoa 3,000, zikipiga mitatu ni 9,000.

Na siyo ndoto za mchana, Ujerumani klabu nyingi za Bundesliga tiketi ya mpira ndo hiyo hiyo unapandia treni na basi siku ya mechi. Sisi tiketi zenyewe za N-Card zishaingia viwanjani, kadi ipo mkononi mwa mtu tayari.

Zambarau, uwanja wa ndege wa zamani kwa upande wa usafiri nakubali ni bora kuliko nje ya mji mara kumi. Ila nyumba zimeuzunguka na mitaa ya kule unaijua, bajaji mbili zikipishana mmoja anarudi rivasi. Lazima zifunguliwe njia za kutokea hata nne pande tofauti, na hapo kuna watu watabomolewa, na fidia za mji huu ni hadithi nyingine sitaki kuianza.

Fundi Ramani

Mimi kazi yangu ni upimaji. Niseme moja linalonikera kwenye mijadala ya viwanja hapa kwetu, kila mtu anataka kituo kiwe mlangoni. Ni kosa. Kituo kikiwa mlangoni umati wote unafika kituoni kwa dakika moja na hapo ndo watu wanakanyagana. Inatakiwa watu watembee kidogo, dakika kumi mpaka kumi na tano hivi, kwa njia pana yenye taa, ili mstari uanze kunyooka kabla ya kufika kwenye gari.

London pale Arsenal walipohamia Emirates 2006, uwanja wa watu 60,000, mojawapo ya stesheni za karibu kabisa ni Holloway Road, na hiyo hiyo ndo siku ya mechi inabanwa matumizi kwa sababu ni ndogo, lifti hazimudu. Watu wanasambazwa stesheni nyingine za kuzunguka. Cape Town kombe la dunia 2010 walitengeneza njia ya miguu kutoka stesheni kuu ya treni katikati ya mji mpaka uwanjani Green Point, kama kilometa mbili na nusu, na watu waliipenda, ngoma na vyakula njia nzima. Johannesburg wao mabasi yao ya Rea Vaya yalianza 2009, mwaka mmoja kabla ya kombe, na yakafika uwanja wa Soccer City. Mwaka mmoja KABLA. Sisi Uwanja wa Mkapa umefunguliwa 2007, viti 60,000, mwendokasi Dar imeanza 2016 na awamu ile ya kwanza ni Kimara na Kivukoni huko, Temeke haikugusa, mpaka ikaja ya pili ya Kilwa Road. Miaka yote hiyo mtu wa Mbagala mechi ikiisha usiku anajua alichokipitia.

Mhehe wa Ipogolo

Kamwene wakuu. Iringa tuna somo dogo la bure kwa ajili yenu, stendi. Ilivyokuwa mjini ukishuka kwenye basi uko mjini. Ikapelekwa Igumbilo, chini kule barabara kuu, jengo zuri hilo sina tatizo nalo, lakini msafiri akishuka na mizigo na watoto anaanza safari nyingine ya kupanda mlima kwenda mjini, nauli juu ya nauli, na usiku ndo usiseme. Waliohamisha walifikiria basi la mkoani linataka nafasi ya kugeuza, sawa, ila yule abiria baada ya kushuka nani alimfikiria? Uwanja nao mtaupeleka hivyo hivyo. Samora yetu ni ndogo na kuukuu lakini siku za Lipuli ligi kuu tulikuwa tunatoka pale tunajikokota mpaka nyumbani na mguu wako mwenyewe, hamna wa kukudai buku mbili.

Mama Wawili Itezi

Nami nichangie jamani maana mkiandika mnaandika kama wanaume peke yao ndo wanaenda mpirani. Mimi naenda na wanangu. Hiyo dakika kumi na tano ya kutembea anayoisema Fundi Ramani mchana sina shida, usiku inategemea na taa, na taa za Mbeya tunazijua, zinawekwa zinazinduliwa baada ya miezi nguzo imebaki. Boda akiona una watoto wawili na ukungu umeshuka anataja bei kama vile anakuuzia pikipiki yenyewe.

Halafu kugombania gari. Hiace ikisimama wanaume wanaingilia dirishani, wewe na mtoto mgongoni utaingia saa ngapi? Nataka foleni yenye vyuma, ile ya kuzunguka zunguka, mtu anasimama kwa zamu yake, na anayesimamia awe na kirungu kama ni lazima. Ukiweka foleni nzuri hata gari zikiwa chache watu wanasubiri kwa amani. Na kuna kaka pale mtaani kwetu ana baiskeli ya magurudumu matatu, miguu haifanyi kazi, ni shabiki wa damu wa timu ya Prisons, niambieni huyo kwenye Hiace anaingiaje. Angalau yawepo mabasi machache yenye mlango mpana na ngazi ya chini, hata kama ni manne tu.

Transit Nakonde

Mimi dereva wa lori, Dar–Tunduma–Zambia. Nawasoma tu. Kuna kitu kimoja hamjagusa, hiyo barabara mnayotaka kuimwagia watu 24,000 usiku ndo barabara ya mzigo wa Zambia na Kongo. Mteremko wa Iwambi kushuka Mbalizi hauhitaji maelezo, breki za lori lililobeba tani zake hazijui kama leo Yanga alikuwa anacheza. Mkiweka uwanja upande wa Mbalizi watu wanavuka barabara gizani wamefurahi au wamekasirika, wengine wana mbili tatu kichwani... hapana wakuu. Au mtusimamishe malori sehemu yenye maegesho ya maana mpaka watu waishe, na mtutangazie mapema, siyo trafiki anatokea porini anapunga mkono na mimi nina gia ya tatu mlimani.

Kipanya cha Uyole (mleta uzi)

Transit hapo umenigusa na ndo maana hili swala linataka lisemwe sasa hivi. Ile barabara ya njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi, kilometa 29, ya TANROADS wale wakala wa barabara, inaupitia mji wetu wote. Barabara ikishakaa imekaa. Sehemu ya gari kuingia pembeni kupakia bila kuziba njia, daraja la waenda kwa miguu, barabara ya pembeni ya daladala, hivi vitu unaviweka wakati katapila liko saiti, ukija kuviomba baadaye unaambiwa hifadhi ya barabara imeisha. Kama kuna mtu Jiji anajua uwanja utakaa wapi hata kwa kukisia, ampigie simu jirani yake wa barabara leo.

Mama Wawili foleni ya vyuma naichukua, ile ni bei rahisi kuliko kitu chochote tulichotaja humu na sikuifikiria.

Mzee wa Loleza

Watoto mnazunguka tu. Reli mnayo. TAZARA imejengwa 1970 mpaka 1975, kilometa 1,860, imepita hapa hapa, inatoka Makambako inakuja upande wa Uyole, stesheni Iyunga, inaendelea Mbalizi mpaka Tunduma. Treni moja ya mabehewa 10 mkiweka watu 80 kila behewa ni watu 800, hizo Hiace 53 zenu zote zimeondoka kwa mpigo bila kugusa lami wala lori la huyu kijana. Dar 2012 walianza treni ya Mwakyembe, moja ikatumia reli hii hii ya TAZARA kwenda Mwakanga. Na Mwakyembe mwenyewe ni wa Kyela hapo chini. Mtu wetu ndiye aliyekuwa waziri wa uchukuzi, treni ikapita Dar, sisi tumebaki tunasikia honi ya mizigo usiku.

Fundi Ramani

Shikamoo mzee. Nakubali nusu. Reli ni moja tu, siyo mbili, treni zinapishana stesheni kwenye njia ya pembeni, kwa hiyo ukisema treni kila dakika kumi haiwezekani, labda kila nusu saa na mizigo imesimamishwa. Treni nne jioni nzima ni watu 3,200. Siyo wachache ila siyo 24,000. Na sasa Wachina wa kampuni ya CCECC wamekabidhiwa kuifufua, wao wanataka shaba ya Zambia ifike bandarini, ukienda kuwaambia simamisha mzigo masaa mawili kwa ajili ya Mbeya City na Prisons watakuangalia hivi. Lazima iandikwe kwenye makubaliano mapema kwamba siku kadhaa kwa mwaka jioni fulani njia ni ya abiria. Na uwanja ukae mahali ambapo unaweza kuweka jukwaa la kushukia reli ikiwa imenyooka na tambarare, siyo kwenye kona.

Kwa hiyo mimi ningesema treni ibebe wa mbali, wa Mbalizi na Uyole na hata Igurusi huko. Daladala na Coaster zibebe wa katikati. Miguu ibebe waliobaki. Kila mmoja mlango wake wa kutokea, mabango yaandikwe KWENDA MBALIZI, KWENDA UYOLE, KWENDA MJINI tangu ndani ya uwanja kabla mtu hajashuka ngazi. Ukimkosesha mtu upande mara moja anarudi kinyume na umati na hapo ndo balaa.

Mzee wa Loleza

Marahaba. Nusu umekubali, inatosha. Uwanja ukae karibu na reli basi.

Zambarau Damu

Mzee uwanja wa ndege wa zamani reli iko mbali kule bondeni, usituharibie kiwanja chetu 😂

Mama Wawili Itezi

Kwani hamna sehemu tunaweza kujaribia bila kusubiri uwanja? Kila mwezi wa nane Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale mji mzima unahamia pale, jioni ya tarehe nane foleni mpaka unashuka unatembea. Wakipanga foleni za vyuma na gari za kukodi siku hiyo tutaona zinafanya kazi au ni maneno ya humu tu.

Konda Mstaafu

Huyu mama apewe idara. Nanenane ndo mtihani wenyewe, umati ule ule, barabara ile ile, jioni ile ile. Na mwezi wa nane siyo mbali. Tofauti tu mpirani wanatoka wote kwa mpigo, Nanenane wanaanza kutoka saa tisa. Kwa hiyo ukifeli Nanenane usiguse uwanja.

Ila bajaji mziweke mbali na geti, nawaomba. Bajaji tano zikigeuza pale kwenye kipilefti Coaster 100 zenu zimelala.

Kipanya cha Uyole (mleta uzi)

Nanenane imepita bila kupingwa. Naandika barua kwa madiwani wa kata zinazopakana na barabara kuanzia Uyole, kila mwenye nyongeza aweke hapa wiki hii. Fundi Ramani nakuomba uchore hata kwa mkono ile milango mitatu na vituo vilivyosogezwa dakika kumi mbali, picha mtu anaisoma kuliko maneno yangu. Mama Wawili andika ya taa, foleni na yule kaka wa Prisons kwa maneno yako mwenyewe nisiyaguse.

Konda, kilichobaki ni namba ya kweli, ile laki moja nimeitoa kichwani. Coaster ya ruti ya Uyole–Mbalizi kuanzia saa moja usiku mpaka saa tano, mizunguko mitatu, wanakodisha shilingi ngapi?

Konda Mstaafu

Njoo Kabwe kesho kabla ya saa mbili asubuhi uulizie wenyewe, usije na shati la kuchomekea. Wakikuona kiofisi ofisi wanajua ni hela ya serikali, laki moja yako itakuwa laki tatu hapo hapo.